Mtoto wa Upande Ule

Vestina alizaliwa Kibondo, ila mwenyewe husema amekulia njiani, kati ya Kibondo na Kasulu. Alipofikisha miaka minane, mama yake alimfungia nguo zake kwenye kitenge, akampandisha kwenye lori la mahindi na kumkabidhi kwa dereva amfikishe kwa shangazi yake Kasulu, ambako shule ilikuwa karibu na nyumba. Lori hilohilo liliporudi lilimleta Konsolata, binti wa shangazi, aje kumsaidia mama yake Vestina kubeba watoto wadogo. Ndivyo watu wa kwao walivyofanya, na wapo wanaofanya hivyo mpaka leo. Nyumba moja inatoa mtoto, nyumba ya pili inatoa wake, na hakuna anayejiona kuwa amepungukiwa.

Hawakuandikiana chochote. Lilikuwepo jambo moja tu ambalo kila mtu alilijua bila kuambiwa, kwamba wa mwenzako aliye mikononi mwako ndiye wa kwako aliye mikononi mwake. Shangazi alikuwa mwepesi wa fimbo. Siku moja Vestina alivunja chungu cha maji, akachapwa mpaka majirani wakatoka. Jioni shangazi akawa hatulii. Mara yuko nje, mara yuko ndani, mara amesimama uani anaitazama barabara ya Kibondo. Mwishowe akakaanga yai, moja, akamwekea Vestina peke yake huku watoto wengine wanameza mate.

"Kula, mwanangu," akasema. "Na mama yako akikuuliza, useme na yai ulipewa."

Vestina alikuwa mdogo, lakini alielewa lile yai lilikuwa linakwenda kwa nani.

Siku hizi Vestina ni fundi cherehani. Anashonea barazani kwa Saady, muuza vitambaa wa mjini Kasulu ambaye babu zake walitoka pwani wakaweka maskani Ujiji. Ukipita hapo asubuhi utamkuta ameinama, pini mdomoni, tepu shingoni, mguu unakwenda wenyewe. Mumewe, Venanti, anaendesha greda kwenye ujenzi wa barabara. Kambi yao huhama kadiri lami inavyosogea, na nyumbani huja mwisho wa mwezi. Mungu aliwapa watoto watatu, akakaa mmoja. Huyo mmoja ni Pelagia, aliyerithi jina la bibi yake wa Kibondo, na nyumbani wanamwita Pela.

Pela alisoma, akafika chuo kikuu, akachukua ualimu wa sayansi. Mwaka wake wa tatu akaja na habari kwamba chuo chao kina makubaliano na chuo kimoja cha Ufini, nchi ya baridi huko juu kabisa Ulaya, na kwamba amechaguliwa kwenda kusoma huko muhula mmoja, tangu Septemba mpaka karibu na Krismasi. Kutoka kule angekuja msichana wa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Kasulu. Mratibu wa mpango huo alikuwa anamtafutia nyumba.

"Si aje hapa," Vestina akasema. "Alale kitandani kwako."

Pela akafurahi, akampigia mratibu palepale. Hakujua kwamba kichwani mwa mama yake jambo lilikuwa limekwisha kukaa mahali pake pa zamani: wa kwangu anakwenda kwao, wa kwao anakuja kwangu. Vestina hakuuliza Pela atafikia kwa nani, kama ambavyo mama yake hakumuuliza dereva wa lori. Kwa nani tena, kama si kwa mama wa huyo anayekuja?

Msichana aliitwa Helmi. Alikuwa mrefu, nywele zake rangi ya majani makavu ya mahindi, na Kiswahili alikuwa amejifunza darasani, kwa hiyo kilikuwa kimenyooka kuliko cha mtaa mzima. Siku Vestina alipompeleka barazani kumtambulisha, Saady alishika kidevu.

"Helmi? Mimi nina baba mdogo Ujiji anaitwa Helmi. Ana ndevu mpaka hapa." Akajigusa kifuani. "Hakuwahi kutuambia ana ndugu Ulaya."

"Saady, mwache mgeni apumue," Vestina akasema.

"Tafadhali umfikishie baba mdogo salamu zangu," Helmi akajibu kwa adabu zote, "na umwambie mimi za kwangu nimenyoa." Baraza zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo Saady akawa anamwita wajina wa baba mdogo.

Nyumbani hakuwa mcheshi hivyo. Wiki ile ya kwanza Vestina alimsikia akilia bafuni, amefungulia maji ndooni yafunike sauti. Hakumwambia kitu. Alianza kuamka kabla ya adhana, akawasha jiko, akachemsha maji ya kuoga na kuyapeleka mlangoni kwake. Ugali wa muhogo ulipomshinda akampikia ndizi, ndizi zilipomchosha akatafuta viazi. Na kila alichofanya kilikuwa na pacha wake mbali. Akimwaga maji ya moto ndooni, alimwona mwanamke wa Kizungu akimwagia Pela. Akimpakulia Helmi kipande kizuri cha samaki wa mgebuka, alijua kule nako kuna kipande kinahamishwa sahani. Alikwisha hata kumpa sura huyo mwanamke: mnene kidogo, mashavu mekundu, amefunga aproni kiunoni. Alimwita Mama Helmi, na Jumapili Pela akipiga simu hakosi kumwambia, "Nisalimie Mama Helmi."

"Haya, mama," Pela anajibu.

Oktoba, mvua zilipoanza, alimchukua Helmi wakaenda Kibondo kumwona bibi. Bibi Pelagia masikio yamepungua lakini hajapunguza salamu. Alipiga makofi ya taratibu, akamshika Helmi mikono yote miwili juu ya viwiko, akamwuliza alivyoamka, walivyoamka kwao, baba, mama, ng'ombe, na mashamba. Helmi akajibu kila moja, hata la ng'ombe, ingawa kwao hawana.

"Huyu ndiye wa upande ule?" bibi akamwuliza Vestina.

"Ndiye, mama."

"Anakula?"

"Anakula."

"Na wetu anakula?"

"Anakula, mama."

Bibi akaridhika. Wakati wa kuondoka akamkabidhi Helmi kuku jike mwenye madoa, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, na Helmi akasafiri naye mapajani mpaka Kasulu, akimzungumzisha kwa lugha ya kwao. Jumapili iliyofuata Vestina alisimulia habari ya kuku kwenye simu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wewe huko umepewa nini?"

"Nimepewa koti, mama."

"La rangi gani?"

"La bluu. Zito sana."

Kesho yake barazani hakuna mteja aliyevaa nguo yake bila kusikia habari ya koti la bluu. Vestina alimpigia mpaka Venanti huko kambini, akamwambia, "Mwanamke yule ni mtu. Kuku kwa koti!" Venanti, kwa kelele za mashine, alielewa kwamba kuna kuku ameuzwa, akauliza ameuzwa bei gani.

Lakini kuwa na uhakika kwamba mtoto ametunzwa ni jambo moja, na kuwa naye ni jingine. Ndala za Pela zilibaki nyuma ya mlango. Helmi alinunuliwa zake, kwa kuwa Vestina hakutaka zile zitembee na mguu mwingine. Akisikia mlango wa uani ukisukumwa jioni, moyo ulitangulia kusema ni Pela, halafu ndipo macho yamletee Helmi na madaftari yake. Mara mbili tatu alimwita Helmi "Pela", na Helmi akaitika bila kusahihisha. Vestina alikuwa akishona sare za shule na kumkumbuka Pela wa darasa la tatu, aliyekataa kuvaa sketi yenye kiraka mpaka kiraka kikashonwa umbo la ua. Alimtamani mpaka kwenye vidole. Alitamani kichwa chake mapajani, amsuke, abishane naye kuhusu njia za nywele.

Novemba ikaingia, na sauti ya Pela ikaanza kuwa fupi. Nipo sawa, mama. Nimekula, mama. Mama Helmi amesikia salamu, mama. Vestina akasema ni masomo.

Mwishoni mwa mwezi huo mratibu akatoa taarifa kwamba anasafiri kwenda Ufini kwa mkutano, na anaweza kubeba kifurushi kidogo. Vestina akakusanya dagaa waliokaangwa, asali ya Kibondo, na unga wa muhogo. Kisha akakata kitenge kizuri kuliko vyote alivyokuwa amejiwekea, akishone mshono wa heshima kwa ajili ya Mama Helmi. Tatizo lilikuwa vipimo. Akamwita Helmi, akamsimamisha katikati ya sebule, akamzungushia tepu kifuani.

"Mama yako anakuzidi unene kiasi gani?"

"Kwa nini mama yangu?"

"Namshonea gauni. Ni asante ya kunilelea Pela."

Helmi alibaki mikono imenyooka pembeni kama alivyowekwa. "Mama," akasema polepole, "mama yangu hajawahi kumwona Pelagia."

Vestina akatoa pini mdomoni. "Yuko wapi, sasa?"

"Mama yangu? Nyumbani. Kaskazini. Ni mbali na chuo, treni inakwenda usiku kucha."

"Na Pela anakaa na nani?"

"Anakaa mwenyewe. Wanafunzi wanapanga. Kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake."

"Na ufunguo wake," Vestina akarudia. Akaikunja tepu mpaka ikawa kidonge, akaiweka mezani, akaingia jikoni. Helmi alisimama palepale muda mrefu, hajui kama vipimo vimekwisha.

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na maji ya moto mlangoni. Vestina alilala ameyafumbua macho, akamsikia Helmi akifungua mlango, akasita, akaenda bafuni. Akamsikia akiguna maji ya baridi yalipomgusa. Helmi alikwenda shuleni nywele zimelowa, na kama kawaida alisema, "Shikamoo mama, jioni njema ikukute." Sentensi hiyo aliitunga mwenyewe, na Vestina siku zote huicheka. Siku hiyo aliitikia tu marahaba.

Barazani alishona blauzi ya mwalimu mmoja mpaka akaikamilisha. Saady akainyanyua, akaigeuza huku na huku.

"Fundi, huyu mwalimu ana mikono miwili ya kushoto?"

Vestina aliichukua akaanza kufumua bila kucheka. Saady akavuta kigoda. Vestina alimwambia yote, kwa maneno machache, macho kwenye uzi. Saady mwenyewe alisomea Tabora kwa mjomba wake, na mtoto wa mjomba alikuja kukaa kwao Ujiji, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Wenzetu hawana hiyo, Mama Pela," akasema. "Si roho mbaya. Mtoto akishakua wanampa ufunguo, ndiyo heshima yenyewe. Ukimwingilia anaona umemdharau."

"Ningejua," Vestina akasema, "nisingemtoa."

Usiku huo hasira ilimtafuta mtu wa kumkalia ikakosa. Mratibu hakuwa amemdanganya, wala chuo. Helmi ndiye alikuwa karibu, na kosa lake lilikuwa lipi? Alfajiri alisikia tena mlango ukifunguliwa, ukasita. Akamfikiria Pela akiguna peke yake katika chumba ambacho hakuna wa kumsikia. Akatupa shuka, akaenda kuwasha jiko. Alipoyapeleka maji, yalikuwa hayana pacha wake popote. Kwa mara ya kwanza yalikuwa maji ya Helmi tu, na Vestina aliona ni mazito zaidi kuyabeba.

Hakungoja Jumapili. Jumamosi hiyo mchana alimpigia Pela mwenyewe.

"Pela, lile koti ulipewa na nani?"

"Mama..."

"Nakuuliza."

"Nililikuta kwenye kabati la bweni. Wanafunzi wanaoondoka huacha vitu, anayetaka anachukua."

"Chakula?"

"Najipikia."

"Na salamu zangu zote zile?"

"Mwanzoni nilidhani unatania. Halafu nikaona kila Jumapili unamtaja, na sauti yako imetulia. Nikasema basi, angalau mmoja wetu awe analala."

Kisha akasimulia, na alipoanza hakusimama. Watu wa kule hawakuwa wabaya hata kidogo. Darasani alicheka nao, na mwalimu mmoja alimpa soksi za sufu. Lakini masomo yakiisha, kila mmoja anatoa ufunguo wake. Saa tisa alasiri jua limekwisha kuzama. Siku nyingine huingia dukani bila haja ya kununua, anatembea kati ya rafu ili tu apishane na watu. Amejaribu kupika ugali kwa unga wa ngano, akala ile gundi akilia na kucheka.

"Tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu, mama, hakuna mtu anayeniita. Hakuna anayehitaji nije. Naweza kulala siku nzima na hakuna atakayegonga." Akavuta pumzi. "Tiketi inaweza kubadilishwa. Naomba nirudi. Mitihani nitajua mbele ya safari."

Neno la kumwambia arudi lilimjaa Vestina mdomoni. Angeweza kulisema, na wiki ijayo mlango wa uani ungesukumwa na awe Pela kweli. Na muhula mzima ungekuwa umepotea, na huko chuoni kwao angeandikwa kuwa ni yule aliyeshindwa.

"Usibadilishe kitu," akasema. "Ngoja nikupigie."

Helmi alikuwa uani, anawatupia kuku punje za mahindi. Vestina alifunga kanga upya, akavaa kitambaa cha kichwa cha kanisani, akaja na kiti.

"Mpigie mama yako. Kwa picha, nimwone."

Mwanamke aliyetokea kwenye simu hakuwa mnene wala hakuwa na aproni. Alikuwa mwembamba, nywele za mvi zimekatwa fupi, miwani imening'inia kifuani, na nyuma yake jiko jeupe lisilo na masizi. Vestina hakukimbilia shida yake. Alimsalimu kwanza. Aliuliza walivyoshinda, baba Helmi, majirani, kama mvua zipo. Helmi alitafsiri yote, na pale kwenye mvua mama yake akageuza simu dirishani kuonyesha theluji. Vestina akasema pole. Ndipo akakaa sawasawa.

"Mwambie hivi. Mtoto wako yuko kwangu. Anakula ninachokula, na akiumwa nitaumwa naye. Wa kwangu yuko nchini kwako, anakula mwenyewe. Sisemi umekosa. Nauliza tu kama ulijua."

Helmi alitafsiri taratibu, akirudi nyuma na kutafuta maneno. Mwanamke yule akaivaa miwani, kisha akaivua. Alisema hakujua. Waliambiwa na chuo kwamba kila kitu kimepangwa, na kwao kitu kikishapangwa mtu haulizi. Hakuwahi kufikiri kwamba kwa kuwa binti yake amepokelewa mahali, pana binti wa watu upande wake anayengoja kupokelewa. Alipolisema hilo alilitazama jiko lake lote, kana kwamba Pela angeweza kuwa amesimama hapo siku zote hizo bila kukaribishwa kiti.

Halafu akauliza jambo, na Helmi hakutafsiri.

"Kasema nini?" Vestina akauliza.

"Si kitu. Anauliza habari zangu."

"Habari gani?"

Helmi aliangalia chini. "Kama nina furaha kweli. Anasema kila siku namwambia niko sawa, niko sawa, na hajui kama ni kweli."

"Kumbe na wewe," Vestina akasema. Alimtazama yule mwanamke, na yule mwanamke alikuwa anamtazama yeye, si binti yake. "Mwambie kweli. Wiki ya kwanza ulikuwa unalilia bafuni, unafungulia maji nisisikie. Ndoo moja ya kuogea inajaa mara ngapi? Mwambie na kwamba sasa ugali unaumaliza kunishinda mimi. Na nikikuita jina la mwanangu unaitika."

Helmi akawa mwekundu mpaka shingoni. Alianza kutafsiri vizuri, lakini pale kwenye ndoo sauti ilimkatika, akamalizia kwa kuonyesha kwa mikono. Mama yake alicheka huku machozi yanatoka, akajifuta kwa taulo la vyombo. Aliongea muda mrefu. Helmi alipopata sauti alisema kwamba wiki ijayo kule kuna sikukuu ya taifa na siku kadhaa za mapumziko. Mama yake atamtumia Pelagia tiketi ya treni. Chumba cha Helmi hakina mtu. Na baada ya hapo atakuwa anampigia kila siku, akipenda asipende.

"Mwambie anapenda," Vestina akasema.

Simu ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu. Alimwambia Pela asirudi. Kuna mama anamngojea kaskazini, aende huko kwanza apumzike, kisha akafanye mitihani. Pela aliuliza kama mama yake alimlazimisha huyo mama. Vestina akasema hapana, walisalimiana tu.

Jumapili ya mapumziko hayo Pela alipiga yeye, na Vestina alijua kabla ya neno la kwanza, kwa namna alivyokuwa akihema, kwamba huyu ni Pela wake. Aliongea kama maji yaliyofunguliwa. Ameingia msituni, theluji imemfika magotini. Amekula samaki wenye viazi na wala si wabaya. Amelala mpaka saa nne, na Mama Helmi akagonga mlango na kuufungua bila kungoja, akamwekea chai kando ya kitanda, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Amemwonyesha picha za Helmi akiwa mdogo hana meno. Mitihani ataimaliza, hilo mama asilifikirie tena.

"Na anasuka?" Vestina akauliza. "Nywele zako zikoje?"

"Hajui, mama, ila jana alijaribu. Kichwa chote kimekaa upande." Pela akacheka. Kwa mbali ikasikika sauti ya mwanamke ikimwita, imelivuta jina mpaka likawa refu, Pelaagia. "Mama, naitwa mezani. Nitakupigia."

Simu ikakatika. Vestina alibaki nayo mkononi. Hilo ndilo aliloliomba, na alipewa lote bila kupunguziwa. Sasa kulikuwa na mkono mwingine kwenye paji lile la uso, na kichwa kile kilikuwa mapajani kwa mwanamke asiyejua hata pa kuanzia njia. Alijaribu kufurahi, akafurahi kweli, lakini kifua kiliendelea kuuma. Akamkumbuka shangazi yake na mama yake, na kwa mara ya kwanza akajiuliza mama yake alilia wapi lile lori lilipoondoka, kwa kuwa nyumbani kwao Kibondo hapakuwa na bafu la kujifichia.

Helmi alikuwa amesimama mlangoni, madaftari ya wanafunzi mkononi. Alikuwa hapo kwa muda.

"Anasemaje?"

"Yuko kwenu. Amelala kitandani kwako."

Helmi akaja akaketi kwenye mkeka, akakumbatia magoti. "Shuka ni zipi? Za milia au za kijani?"

"Sikuuliza shuka."

"Mbwa wetu mzee analala naye? Huwa analala miguuni kwangu."

"Mbwa? Ndani?"

"Ndani."

Vestina alimfikiria mwanawe, kitanda, na mbwa, akaamua kulimeza. "Nitamuuliza."

"Na dirisha," Helmi akasema, kwa sauti iliyokuwa imepungua. "Kutoka kitandani unaona mto. Labda sasa umeganda. Ukiganda, usiku unalia, unapasuka kama mbao. Muulize kama ameusikia."

Mto kuganda ukalia. Vestina alikuwa amesikia mengi tangu Septemba, na mwenye kuyajua yote alikuwa ameketi mbele yake miezi hii yote, akila ndizi, na yeye hakuwahi kumuuliza kwao kukoje. Aliiweka simu juu ya cherehani la nyumbani, akashuka kwenye kiti, akaketi naye mkekani.

"Anza mlangoni," akasema. "Nikiingia mlangoni kwenu, cha kwanza naona nini?"